Waya Uliolishwa Mawese

Mwanangu, kuna wakati niliamini, kwa akili yangu yote na kwa tumbo langu lote, kwamba waya wa mashine hula. Si kula umeme, hilo kila mtu analijua. Kula chakula. Niliamini kuwa una koo, una njaa ya kila Jumatatu, na usipopewa mawese mapema asubuhi utajitafutia nyama mwenyewe. Tena hautamgusa yule anayeulisha. Utamchukua ndugu yake wa tumbo moja.

Usicheke bado. Nilikuwa kijana mzima, shati nimechomeka, nguvu za kubeba gunia la mihogo huku na gunia huku na mtu mwingine mgongoni, na niliamini jambo hilo kama ninavyoamini kuwa ziwa letu lina maji.

Nakusimulia kwa sababu wiki ijayo unaingia kazini kwenye mashine ya mpunga kule Sange. Mama yako amekufungia nguo na sufuria. Mimi sina cha kukufungia ila habari hii. Ni fupi. Haya, si fupi, unanijua, lakini nitajitahidi.

Wakati huo nilikuwa sijaanza hata masomo ya jioni. Hii diploma unayoiona ukutani, niliyoipata nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu na magoti yamekwama chini ya dawati la watoto, ilikuwa bado mbali kama mwezi. Tuliishi Kilibula, mimi na Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa. Wazazi walikuwa wamekwisha kufariki, na tumbo la mama yetu lilizaa sisi wawili tu. Yaya ndiye aliyeninyoa, aliyenichapa, aliyenifundisha kusali na kuosha shingo. Na ndiye aliyenitafutia kazi kwenye kiwanda cha sabuni alichokuwa akifanya kazi, kando ya ziwa. Kiwanda hicho siku hizi hakipo, na jina lake sina haja nalo.

Sabuni ile ilipikwa kwa mawese na soda kali, ndani ya pipa kubwa la chuma tuliloliita marmiti. Marmiti yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kanisa. Naam, kanisa dogo. Juu yake, chini ya mabati, ilipita reli ya chuma iliyokwenda mpaka upande wa pili, kwenye fremu za mbao ambamo sabuni humwagwa ili igande. Kwenye reli hiyo ilitembea palani, mashine ya kuinulia mizigo, yenye mnyororo na ndoo ya chuma ambayo tungeweza kuogea mimi na wewe na jirani zetu wote. Kutoka kwenye palani ulishuka waya mnene wa kijivu, laini, na mwisho wake kulikuwa na kisanduku cha vibonye. Kisanduku hicho ndicho kilichokuwa kazi yangu. Kupanda, kushuka, kwenda, kurudi, na kibonye kimoja chekundu cha kusimamisha.

Na waya mwingine wa aina hiyo hiyo ulining'inia kwenye reli kwa mikunjo, kama mashuka kwenye kamba. Palani ikienda, mikunjo inafunguka mmoja baada ya mwingine. Palani ikirudi, inajikunja tena yenyewe, polepole, bila sauti, juu ya vichwa vyetu. Ungekuwepo ungeelewa. Sisi waya tuliokuwa tunaujua ni ule wa nyumbani, ukiupinda leo na kesho, keshokutwa umekatika. Huu ulipindwa tangu asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka, na haukuchoka.

Aliyenitia hofu aliitwa Kashindi. Alikuwa mpishi wa marmiti, mtu wa Sange, mkubwa kuliko mimi kwa umri na kwa sauti. Siku yangu ya kwanza alinivuta pembeni, akaonyesha juu kwa kidevu, kwa sababu kidole aliona ni hatari.

"Weye mudogo, unaona ile?"

"Naona waya."

"Kintu yenye haichoke kukunjwa, haiko kintu. Iko inaishi. Ilitoka mu ziwa, ngozi yake ni ya nyoka ya ziwa. Kila Jumatatu, mbele ya kuwasha, unaipakaa mawese. Yenye alishika hii kazi mbele ya weye kuja alisahau Jumatatu moja. Mudogo wake akafia Bijombo, kule milimani."

"Alikufa na nini?"

"Ng'ombe ilimupiga teke."

"Sasa, Kashindi, ng'ombe na waya..."

Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. "Na weye unafikiri nani alituma ile ng'ombe?"

Mwanangu, nilitafuta jibu siku nzima. Ni kweli ng'ombe wa milimani hajawahi kuingia kiwandani, lakini nani alimtuma? Swali likiulizwa kwa namna hiyo, kichwa cha kijana hakina mlango wa kutokea.

"Na usimuambie muntu wa inje," Kashindi akamalizia. "Patron wa kiwanda akijua atacheka, na yenyewe haipende kuchekwa. Ikichekwa, haingojee Jumatatu."

Sasa angalia alivyonifunga. Nikatazama kando ya fremu. Chini kabisa ya reli ile, amepiga magoti na kufunga kitenge kiunoni, alikuwa Yaya Nabintu. Kazi yake ilikuwa kuupokea mdomo wa ndoo, kuuelekeza, na kusawazisha sabuni ya moto kwa ubao. Ndugu yangu wa tumbo moja, wa pekee, na alipita siku nzima chini ya kile kitu.

Basi nikawa mlishaji hodari kuliko wote waliowahi kuajiriwa. Jumatatu nilifika kabla ya mlinzi kukunja blanketi lake. Nilichovya kitambaa kwenye kopo la mawese mekundu, nikapanda ngazi, nikaupaka waya kuanzia mkunjo wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha nikashuka na kuupaka ule wa kisanduku. Nilikuwa nikiuambia maneno mazuri. Nikauambia kuwa Yaya ni mwembamba, hana nyama ya maana. Uling'aa mwanzoni, ukawa na rangi ya asali, nami nikajisifu moyoni kwamba hakuna waya wenye afya kama wangu kuanzia Kalemie mpaka Bujumbura.

Kisha ukaanza kubadilika.

Pale penye mikunjo ukawa mgumu. Ulikuwa ukilala vizuri, sasa ulisimama kama mkia wa mnyama aliyekufa. Rangi ikapauka. Vikatokea vipasuko vidogo vidogo, kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu. Nikamwita Kashindi. Akatazama muda mrefu, akashusha sauti, na Kashindi hakuwa mtu wa kushusha sauti.

"Iko inatoa ngozi," akasema. "Nyoka ikitoa ngozi, iko na njaa mingi. Jumatatu peke haitoshe."

Nikaanza kuulisha kila siku.

Mwanangu, mimi napenda kuongeza chumvi, hata mama yako atakuambia, lakini hapa siongezi. Kadiri nilivyoulisha ndivyo ulivyozidi kuwa mbaya. Asubuhi moja nilishika kisanduku na mikono yenye maji, nikahisi kitu kinaning'ata viganja, kidogo, kama sisimizi. Siku nyingine nilibonyeza kupanda, palani ikakaa kimya, kisha ikapanda wakati nilikuwa nimekwisha kuachia. Na halafu ikaja ile siku ya mapumziko. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia nakula muhogo na dagaa, kisanduku kimening'inia peke yake, hakuna mtu karibu. Palani ikasogea. Kidogo tu, upana wa mkono. Ikasimama.

Ilisogea kuelekea kwenye fremu. Muhogo ukabaki mdomoni. Sikumeza wala sikutema. Nilikaa hivyo nikitazama juu.

Jioni, tukirudi Kilibula, nilimwambia Yaya, "Omba wakuhamishe kwenye kukata vipande vya sabuni."

"Juu ya nini?"

"Hivi tu. Pale kuna hewa nzuri."

Akasimama barabarani, akanitazama toka juu mpaka chini. "Mudogo, miye nimemwaga sabuni tangu weye unanyonya vidole. Kama unataka kazi yangu, sema, nikupe na kitenge."

Akacheka, na wanawake wawili waliokuwa wanauza nyanya wakacheka naye. Nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Ningemwambia, angeucheka waya. Kuanzia siku hiyo nikawa natembea nyuma yake kama mlinzi wa rais. Wachungaji wakishuka na ng'ombe wao kutoka milimani, nilimvuta Yaya mpaka ukutani mwa nyumba za watu. Akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Nilikunywa dawa ya malaria bila malaria, masikio yakalia kama zumari kwa siku kadhaa.

Patron naye alikuwa ameona kwamba palani inasikia kwa kuchelewa. Akaita fundi umeme. Alikuja asubuhi, mwanamke mwenye mabega mapana, Mama Riziki, aliyesomea Bukavu na asiyependa mtu yeyote asahau kwamba alisomea Bukavu. Bisibisi lilikuwa limechomekwa kwenye kilemba chake.

"Bonjour, wanaume. Nani anaendesha hii?"

"Ni mimi, mama."

"Inafanya nini?"

Mwanangu, kila kitu kilichokuwa kifuani mwangu kilipanda mpaka nyuma ya meno. Ungefungua mdomo wangu ungekiona kimekaa pale. Nikasema, "Inasita kidogo."

"Inasita tu? Haiende yenyewe?"

Kiatu cha Kashindi kikanikanyaga kidole gumba. Kilikanyaga na kubaki pale.

"Hapana, mama," nikasema. "Haiende yenyewe."

Akaushika waya wa kisanduku. Akaupinda, akasikia unavyogoma. Akasugua vidole, akavinusa.

"Hii ni mawese."

Marmiti peke yake ilikuwa ikitokota.

"Nauliza, mawese yamefikaje hapa? Kuna muntu anakaanga ndizi juu ya reli?"

"Inaruka kutoka mu marmiti, mama," akasema Kashindi.

Mama Riziki akapima kwa macho kutoka marmiti mpaka palani, akarudi kwa Kashindi. "Marmiti yenu ina mikono mirefu," akasema. "Haya. Hii ndoo imejaa sabuni ya moto. Mumwage hiyo moja, sitaki kukata umeme na kuiacha inaning'inia juu ya watu. Mukimaliza, nazima, naangalia vizuri."

Akaenda mlangoni, kwenye sanduku la swichi kuu, akalifungua na kuanza kutazama. Hebu elewa jambo hili moja, mwanangu, ndilo linaloniumiza hata leo. Aliniuliza. Swali lenyewe kabisa, kwa maneno yake. Kama ningesema ndiyo, mama, inakwenda yenyewe, mkono wake ungeishusha swichi hapo hapo, na tungeitoa sabuni ile kwa kata mpaka Pasaka, na mimi leo nisingekuwa na habari ya kukusimulia.

Nikabonyeza kwenda. Mikunjo ikaanza kufunguka juu, na niliusikia waya ukilia, mkwaruzo mkavu ambao hapo zamani haukuwepo. Yaya alikuwa ameinamia fremu, anasawazisha sabuni ya ndoo iliyotangulia, mgongo wake kwetu. Nikaachia kibonye ili ndoo isimame kabla ya kumfikia, amalize, ageuke.

Haikusimama.

Nikabonyeza chekundu. Nikakibonyeza mpaka ukucha ukageuka mweupe. Ndoo ikaendelea kwenda, taratibu, wala haikuwa na haraka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Nikabonyeza kupanda. Ikashuka.

"Yaya!" nikapiga kelele. Marmiti ilikuwa inatokota, hakusikia.

Na hapo Kashindi akalia kwa sauti ya mtu anayezama, "Mawese! Mupe mawese!"

Tukakimbia. Mimi, Kashindi, na Bahati aliyekuwa anachochea moto, wanaume watatu wenye nguvu zao, tulikimbia kwenda pembeni kwenye kopo la mawese. Swichi kuu ilikuwa karibu kuliko kopo. Nilipita mbele yake. Nilipita karibu na bega la Mama Riziki kiasi cha kumsukuma, nikaenda kunyang'anyana kopo na wenzangu. Dada yangu alikuwa chini ya ndoo ya sabuni inayochemka, na mimi nilikuwa nageuka na kitambaa mkononi nikitafuta mahali pa kuulisha waya.

Kwa kusukumwa vile Mama Riziki alinyanyua kichwa. Aliona ndoo. Akaivuta swichi.

Kila kitu kikafa, taa, palani, feni. Lakini ndoo ilikuwa imekwisha kugusa ukingo wa fremu, na ilipogusa ilijipinda. Yaya alikuwa ameigeukia wakati huo. Aliruka, na kama sakafu ingekuwa kavu angekuwa salama kabisa, lakini sakafu ya kiwanda cha sabuni haijawahi kukauka. Mguu mmoja ukateleza ukabaki nyuma. Sabuni ikaumwagikia.

Sitakuelezea alivyolia.

"Maji!" Mama Riziki akaita. Kashindi alikuwa ameshafika na kopo lake, amepiga magoti, amechovya kitambaa, anataka kuupaka ule mguu mawese. Mama Riziki alilipiga kopo teke likaruka mpaka ukutani. "Maji nimesema! Maji mengi! Sabuni iko na soda, inakula mpaka muitoe na maji!"

Tukamwaga maji. Tulimwaga mapipa, tukaenda ziwani na ndoo na kurudi, na Mama Riziki akasimama pale akihesabu kwa sauti na kukataa tuache, hata Yaya alipokuwa anatetemeka kwa baridi. Halafu wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwanamke mmoja wa kwenye kukata, wakampeleka kituo cha afya. Nilitaka kukimbia nyuma yake. Wallahi siku ile ningefika kabla ya pikipiki. Mkono wa Mama Riziki ukanishika kola.

"Weye baki. Unaenda kuniambia yote."

Nikamwambia. Nilisema yote mbele ya Kashindi, na safari hii hakunikanyaga. Nyoka ya ziwa, Jumatatu, ng'ombe wa Bijombo, ngozi inayotoka. Nilingoja Mama Riziki acheke. Ningefurahi angecheka. Hakucheka. Akatoa kisu, akapanda ngazi, akashika mkunjo ule ulio mgumu kuliko yote.

"Usikate, mama!" nikasema. Nikafumba macho. Nakuapia, nilingoja damu. Niliinua hata mkono ili isiniingie usoni.

"Fungua macho."

"Sitaki."

"Fungua, mupumbavu, nimesomea Bukavu siyo kwa kuongea na vipofu."

Nikafungua. Mkononi mwake kulikuwa na kipande cha waya, urefu wa kijiko. Aliuchana kwa kisu kama anavyochanwa samaki. Ndani hakukuwa na damu, wala utumbo. Kulikuwa na nyaya ndogo ndogo zilizosokotwa pamoja, na alipoumenya mmoja, shaba yake ilifunguka nyuzi nyingi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

"Hii hapa ndiyo nguvu yake," akasema. "Waya ya nyumba ni shaba moja nene, ukiikunja inavunjika. Hii ni nyuzi nyingi nyembamba, ndiyo maana inakunjwa kila siku. Haiko na uhai, iko na wembamba. Na kila kamoja haka ni njia ya amri moja. Haka panda, haka shuka, haka nenda. Hii ngozi ya inje ni plastiki. Iliwekewa ulaini ndani yake, na mafuta yanautoa ule ulaini. Kila mara munapopaka, inakauka. Ikikauka, inapasuka. Ikipasuka, mvuke wa soda unaingia, njia zinagusana, palani inasikia nenda, na hakuna muntu amebonyeza."

"Na kile chekundu?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbu.

"Chekundu amri yake inapita humu humu. Njia ikiharibika, inaharibika pamoja na zingine."

Kashindi akakohoa. "Lakini, mama, zamani ilikuwa na njaa, juu ya ile..."

"Haikuwa na njaa," akasema Mama Riziki. "Ilikuwa nzima. Ninyi ndio mumeiharibu."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekuambia saa. Mwanangu, nimefokewa na wengi, nimefukuzwa darasani, padri mmoja aliwahi kunirushia kitabu. Hakuna neno lililowahi kunikaa kama hilo.

Jioni nilikwenda kituo cha afya. Yaya alikuwa amelala, mguu umefungwa mpaka goti. Nilimweleza nikiwa nimetazama sakafu. Nilimweleza hata habari za ng'ombe, ndipo akaelewa kwa nini nilikuwa namsukuma kwenye kuta za watu. Karibu acheke, maumivu yakamzuia. Akaivuta shuka juu ya goti.

"Ile malaria yako," akasema. "Ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hii, Yaya."

"Siku zote hizo uliniogopea."

"Sana."

"Na haukuniambia." Akageuza uso ukutani. "Ungeniambia, mudogo. Ningekucheka, halafu ningetoka chini ya ile kintu."

Shangazi yako huyo unamwona anavyotembea, akiutupa mguu kidogo pembeni. Watoto wa mtaa hudhani alizaliwa hivyo. Kidonda kilichukua muda kufunga, na kazi ya kupiga magoti hakuirudia tena. Ndiye aliyenisukuma kwenye masomo ya jioni, alisema nyumba yetu haiwezi kumudu mjinga mwingine. Kiwandani walifunga waya mpya, na Mama Riziki akapaka mstari mwekundu kuzunguka swichi kuu. Kashindi alishikilia mpaka anastaafu kwamba waya ule ulikuwa unataka mawese ya Kalemie, yale yetu haukuyapenda. Lakini nilimwona mara nyingi, kila akiingia asubuhi, akiutazama ule mstari mwekundu kwanza.

Sasa sikiliza, halafu ukalale.

Sikuambii usiogope. Utakuwa karibu na vitu vyenye nguvu kuliko wewe, na asiyeogopa kabisa mimi simtaki nyumbani kwangu. Ogopa. Lakini woga ukikuamuru unyamaze, ukikuambia usiulize, usimweleze fundi, usimweleze hata dada yako, huo uutilie shaka kabla ya mashine yenyewe. Kitu cha kweli kinachoua hakijali ukikitangaza. Kinachotaka siri ni uongo, na siri hiyo inampa muda yule muuaji wa kweli.

Ukifika Sange, kabla hujauliza mahali pa kula, uliza swichi kuu iko wapi. Iendee. Ishike kwa mkono wako, mikono ikiwa mikavu, mpaka miguu iijue njia hata ukiwa umepigwa na bumbuwazi. Ukiona waya umekuwa mgumu penye mkunjo, sema. Ukihisi sisimizi kwenye viganja, sema. Wakikuambia ndivyo tulivyoikuta, ndivyo inavyofanywa hapa, uliza nani alianza na kwa nini, tena uliza mbele ya watu. Watakucheka. Acha wacheke, wakimaliza sema tena. Na fundi akikuuliza swali, mjibu lile alilouliza, hata kama kuna kiatu juu ya kidole chako.

Haya, nenda. Mungu akutangulie barabarani na akungojee kazini. Akupe mikono mikavu, macho yanayoona ufa ungali mdogo, na mdomo ambao hofu haitaufunga. Na wale unaowapenda, kila watakapopita chini ya kazi ya mikono yako, watoke upande wa pili wakiwa wazima.